Kivukoni hadi Kariakoo kwa miguu: njia ilivyopangwa

Kulitembeza kundi la marafiki katikati ya Dar es Salaam hakuhitaji sana kujua majengo. Kunahitaji kujua jua litakuwa wapi, njia ina upana gani na watu watasimama wapi. Matembezi yetu ya Jumapili moja ya Julai, wakati wa kipupwe, yalipangwa na rafiki anayeijua mitaa hii, na mpango wake unastahili kuchambuliwa.

Tulianza saa moja asubuhi mbele ya kanisa la Azania Front, tukielekea Kariakoo. Julai jua huchomozea kaskazini-mashariki, na Barabara ya Samora kutoka sanamu ya Askari hadi Mnara wa Saa inakwenda kusini-magharibi. Kwa hiyo jua lilikuwa mgongoni, na kuta za mbele yetu zilikuwa na mwanga. Anayeanzia Kariakoo kwa sababu ndiko aliposhukia daladala atatembea amekunja uso.

Mwelekeo huo una faida kubwa zaidi. Wajerumani, kwa kanuni zao za ujenzi za 1891, na Waingereza baada yao, waliugawa mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, Uswahilini nyuma. Anayetoka baharini anazipita sehemu zote tatu kwa zamu bila kuhutubiwa. Samora siku ya Jumapili maduka mengi yamefungwa, hivyo macho yanapanda juu kwenye balkoni. Halafu, baada ya Mnara wa Saa wa 1961, ukivuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mji unakatika ghafla: Mnazi Mmoja. Uwazi ule ulikusudiwa. Watawala waliuweka ili makazi ya Waafrika yawe mbali na sehemu nyingine za mji. Mpangaji wetu alituvusha pale bila kusimama wala kusema neno, na maelezo akayatoa ng'ambo, Mtaa wa Lumumba, jirani na mahali TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954. Huo ndio uamuzi bora wa siku ile. Mguu ulishajua umbali, sikio likaja baadaye.

Sikubaliani naye kuhusu Askari. Sanamu hiyo ya shaba ya 1927, yenye bayoneti iliyoelekezwa bandarini, imesimama pale palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, na kisa chake ni kirefu. Lakini ni katikati ya mzunguko wa magari. Watu walijipanga ukingoni mwa barabara, wa nyuma hawasikii, na muda ukatupotea. Kisa kisimuliwe mapema, ufukweni penye miti. Pale Askari watu watazame tu na kupita.

Muda uliopotea tuliulipia Kariakoo. Tulipofika Mtaa wa Kongo machinga walikuwa wameshatandaza bidhaa pande zote mbili, na katikati imebaki njia ya mtu mmoja. Mfumo wetu ulikuwa kiongozi mbele na mfunga msafara nyuma aliyevaa kofia nyekundu ili aonekane. Ulifanya kazi vizuri Samora. Kongo haukufaa: mkokoteni uliojaa viroba ulipoingia katikati, kundi lilikatika na kofia haikuonekana tena. Tuliungana upya mbele ya jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, lililofunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021. Paa lake la miavuli ya zege, lililobuniwa kukinga maji ya mvua na kupitisha hewa, linaonekana kutoka mbali, kwa hiyo aliyepotea hakosi pa kuelekea.

Safari ijayo ningeligawa kundi pale Lumumba, watu wasiozidi sita kila upande na kiongozi wao. Wa kwanza wapite Kongo, wa pili Mtaa wa Swahili, wakutane sokoni kabla ya saa tatu, kisha wateremke pamoja hadi kituo cha mwendokasi Gerezani.