Mkia wa Q

Fundi wa maandishi wa Tanga anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuchora Q hata moja. Kiswahili hakiihitaji, wala hakiihitaji X. Mwenzake wa Mbulu hana pa kuikwepa. Wairaqw wameibeba ndani ya jina lao; Masqaroda ni kata; Qorro ni jina la ukoo, na jirani yake anaitwa Hhando, H mbili zikifuatana. Kiiraqw kinapoandikwa, hata alama ya mkwaju (/) ni herufi kamili yenye sauti yake ya kooni.

Ndiyo maana napenda kumtazama fundi wa huku akiandika ukuta wa duka. Kwanza hupiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki. Kisha huhesabu herufi kwa uzito wake: I na J hazili nafasi, M na W zinakula ya wenzao. L ikifuatwa na T huacha shimo, kwa hiyo huzisogeza pamoja mpaka jicho litulie. Rula haimsaidii hapo. Huvuka barabara, akasimama upande wa pili, akatazama, akarudi.

Ikifika zamu ya Q, huanza na O. Nusu ya kushoto hushuka kwa mkupuo mmoja, brashi ikizungushwa taratibu kati ya vidole. Nusu ya kulia huifuata. Duara lenyewe huvuka kidogo mistari ya chaki, juu na chini, kwa sababu likiishia palepale kwenye mstari huonekana dogo kuliko herufi za pembeni. Mkia ndio mtihani. Ukiwa mfupi, Masqaroda inasomeka kama kijiji kisichokuwepo. Ukirefuka ovyo, unaikanyaga A inayofuata. Fundi mzuri huuanzisha ndani ya duara, akautoa chini kulia, akaukata kabla haujamfikia jirani.

Mbulu iko juu na kuna baridi, hivyo rangi ya mafuta hukawia kukauka. Kwenye barabara ya vumbi, kazi hiyo hufanywa mapema, kabla magari hayajaanza kupita. Katesh, wilayani Hanang, ina shida nyingine: lami ya Babati kwenda Singida inapita hapo, na abiria aliye dirishani ana sekunde chache tu. Ukuta wa huko unataka maneno machache, herufi nene, na nafasi ya kutosha kati ya neno na neno. Tena wasomaji wa eneo hili hawakukulia lugha moja. Kiiraqw, Kidatooga, Kihadza na Kinyaturu vyote vina wenyewe hapa na kwa majirani, na wengi wao Kiswahili walikikuta shuleni. Mapambo mengi kwenye herufi huwachelewesha wote.

Ndani ya steshenari uchaguzi wa herufi ni uleule, ila hufanywa bila kufikiri. Barua ya maombi ya kazi huchapwa kwa Times New Roman, fonti iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932, ikibanwa ili maneno mengi yaenee kwenye safu nyembamba. Comic Sans ya Vincent Connare, ya mwaka 1994, huchekwa na wabunifu duniani kote. Lakini a yake ni ya duara na kijiti, kama mwalimu anavyoiandika ubaoni, na katika Kiswahili hakuna herufi inayojirudia kuliko a. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, hilo si jambo dogo.

Mabango ya plastiki yanayochapwa mjini ni ya haraka, siyakatai. Tatizo ni pale jina fupi linapovutwa kwenye kompyuta lijaze bango refu: mistari ya wima hunenepa, ya mlalo hubaki myembamba, na herufi hupoteza umbo. Fundi wa brashi akitaka herufi pana huichora upya, unene wa mistari ukibaki palepale.

Mimi hupenda herufi nene, nyofu, zisizo na madoido. Mwenye duka akiniomba ushauri, humwambia asichague fonti kwa kutazama neno DUKA. Aandike jina lake na la kijiji chake. Fonti inayoshindwa hapo haimfai, hata ikipendeza vipi.