Jina Katika Nuskha Tatu

Mtafuta nasaba akipata Pennsylvania German Pioneers, kazi ya Strassburger na Hinke iliyochapishwa mwaka 1934 kwa juzuu tatu, aghalabu hukimbilia faharasa. Asipoliona jina la babu yake hufunga kitabu. Huko ni kukidhulumu kitabu, na kumdhulumu babu.

Asili yake ni viapo. Tangu Septemba 1727, wanaume wa Kijerumani walioteremka bandari ya Philadelphia walitakiwa kuapa kumtii Mfalme wa Uingereza. Merikebu nyingi zimeacha orodha tatu. Ya kwanza iliandikwa na nahodha au karani aliyeyanasa majina kwa sikio la Kiingereza. Ya pili ni ya kiapo cha utii, na ya tatu ni ya kuwakana wapinzani wa mfalme. Hizi mbili walizitia sahihi wageni wenyewe.

Sisi tuliolelewa na tenzi za hati ya Kiarabu twaijua kadhia hii. Herufi ba ilisimama kwa b na kwa p pia, na mnakili asiyeujua ubeti humtungia mtunzi maneno mengine. Ndivyo Schneider alivyokuwa Snyder. Nuskha ya kuaminiwa ni ya mkono wa mwenye jina, na fadhila kubwa ya wahariri hawa ni kuifanya juzuu ya pili kuwa picha za sahihi zenyewe. Hapo ndipo pa kuanzia. Ila asiyejua kuandika alitia alama tu, karani akamwandikia jina, nasi tukarejeshwa kwenye sikio lile lile.

Siwafuati wanaosoma viapo kama ushahidi wa mapenzi. Sheria ya Pennsylvania ya Juni 1777 iliwataka wanaume wa Kizungu waliozidi miaka 18 wamkane George III. Aliyekataa alinyimwa kura, hakuweza kudai deni mahakamani wala kununua ardhi. Mwenye shamba na wana angeapa, moyo wake ukiwa popote. Na Wamennonite na Waquaker wengi walikataa kwa sababu za dini na dhamiri. Kwa hiyo jina lisilokuwamo katika orodha za 1777 si lazima liwe la msaliti.

Wake na binti hawakuapishwa. Anayemtafuta bibi yake na aziweke kando juzuu hizi, aende kwenye madaftari ya ubatizo ya makanisa ya Kilutheri.