Kilomita ya Mwisho Kuelekea Kituo cha Syokimau

Kituo cha reli cha Syokimau, kilichofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, kilibuniwa ili mkazi aliegeshe gari lake hapo na kuendelea kwa treni hadi katikati ya Nairobi, badala ya kukwama katika Barabara ya Mombasa. Hata hivyo, kinachoamua ni watu wangapi wataifikia treni ni vijia na barabara za mitaa zaidi ya ukubwa wa maegesho.

Mtu atembeaye kilomita 5 kwa saa hufika umbali wa kilomita 1 kwa dakika 12, na kwa muda huohuo mwendesha baiskeli aendaye kilomita 15 kwa saa hufika kilomita 3. Kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa nusu kipenyo, eneo linalohudumiwa na kituo hupanuka mara 9, kutoka takriban kilomita za mraba 3 hadi 28. Faida hiyo hupungua pale kuta za mitaa yenye malango zinapomlazimu mpita njia kuzunguka, na pale udongo mweusi wa nyanda za Athi, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, unapoharibu njia isiyo na tabaka imara la msingi. Ndiyo maana mtaro hutangulia lami.

Usalama nao hutegemea mwendo. Nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi, hivyo gari liendalo kilomita 50 kwa saa hubeba nishati takriban mara 2.8 ya liendalo 30. Tuta pana lililoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu humlazimisha dereva kupunguza mwendo palepale watu wanapovukia.

Mwaka 2019, Luthuli Avenue jijini Nairobi ilifanywa ya mwelekeo mmoja na njia zake za miguu zikapanuliwa, kwa ushirikiano wa serikali ya kaunti na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Huko Syokimau kazi ya namna hiyo inahitaji makubaliano zaidi, kwa kuwa Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti barabara za kaunti na taa zake, ilhali barabara kuu za taifa zimo mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA). Makutano ya mtaa na barabara kuu, ambapo dhamana hizo mbili hukutana, ndiyo yanayostahili kusanifiwa kwanza.