Miami Ilivyokopa Milioni 91 Ikalipa Bilioni: Hesabu ya Uwanja Mmoja

Bei ya uwanja mpya inapotangazwa, tunachotajiwa ni gharama ya saruji, chuma na kazi ya mkandarasi. Bei atakayoilipa mwananchi iko kwenye karatasi nyingine, ile ratiba ya marejesho ya mkopo, ambayo haisomwi kwenye mkutano wa hadhara. Sijui kisa kinachoonyesha pengo hilo waziwazi kuliko uwanja wa besiboli wa Miami, Florida, uliofunguliwa Aprili 2012. Kaunti ya Miami-Dade iliujenga kwa hatifungani za mafungu mbalimbali. Fungu moja lilikuwa la takriban dola milioni 91. Litakapokuwa limelipwa lote, mwishoni mwa miaka ya 2040, litakuwa limeigharimu kaunti karibu dola bilioni 1.2.

Wazo lililo chini ya mkopo ule, yaani kukopa leo kwa kuweka rehani kodi ya kesho, ndilo linalojenga uwanja wa Talanta jijini Nairobi. Kwa hiyo inafaa tuufungue mkataba wa Miami sehemu kwa sehemu.

Tuanze na siasa. Timu ya Marlins ilikuwa ikicheza kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani, chini ya jua kali na mvua za kiangazi za Florida, na mapato makubwa ya uwanja yalikwenda kwa mwenye uwanja. Jeffrey Loria, mfanyabiashara wa kazi za sanaa kutoka New York, aliinunua timu mwaka 2002 kwa takriban dola milioni 158. Miaka michache baadaye ligi iliiruhusu timu itafute mji mwingine. David Samson, rais wa timu na mtoto wa kambo wa Loria, alikwenda San Antonio, na Las Vegas nayo ikatajwa. Safari za namna hiyo zina kazi yake hata pasipo mtu kuhama. Ligi za Marekani ndizo zinazoamua idadi ya timu, na hakuna mji unaoweza kujiundia timu ukaingia ligi kuu. Miji inayotaka timu ni mingi kuliko timu zilizopo, basi mwenye timu anakaa mezani akiwa na miji miwili mitatu ya kutishia nayo. Diwani anayepiga kura hafikirii hesabu tu, anafikiria pia gazeti la siku ambayo timu itahama akiwa madarakani.

Mnamo Machi 2009, makamishna wa jiji la Miami waliupitisha mpango kwa kura 3 dhidi ya 2, na wale wa kaunti wakaupitisha kwa 9 dhidi ya 4. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka miezi michache tu kabla.

Mgawanyo wa gharama unastahili kusomwa polepole. Mradi mzima, pamoja na majengo ya maegesho, ulikuwa wa zaidi ya dola milioni 600. Timu iliahidi takriban milioni 155, lakini ndani ya fedha hizo milioni 35 zilikuwa mkopo kutoka kwa kaunti yenyewe, ambao timu ingeurejesha kidogo kidogo kwa jina la pango. Kilichoitwa mchango wa timu kilikuwa, kwa sehemu, fedha ya umma iliyopita mlango wa nyuma na kuingia tena kwa mlango wa mbele. Dola milioni 50 nyingine zilitoka kwenye hatifungani ambazo wapigakura waliziidhinisha mwaka 2004 kwa ajili ya kuukarabati Orange Bowl, uwanja mkongwe uliokuwa mahali palepale. Orange Bowl ukabomolewa mwaka 2008, na fedha za kuukarabati zikahamia kwa uwanja uliochukua nafasi yake.

Sehemu kubwa ya umma ilitegemea kodi za utalii, hasa zile zinazotozwa kwenye vyumba vya hoteli. Hoja hii huuza viwanja vingi: mwenyeji halipi kitu, anayelipa ni mgeni. Ina ukweli nusu. Mgeni ndiye anayetoa fedha mfukoni, lakini kodi ikishakusanywa ni mali ya kaunti, na kila dola iliyofungwa kwenye deni la uwanja haipatikani tena kwa ukumbi wa mikutano, makumbusho au ufukwe unaomleta huyo mgeni. Kodi ya hoteli ilikuwa na faida nyingine kwa waliotaka mradi upite: kwa kuwa deni halikulipwa kwa kodi ya majengo ya wananchi, haikuhitajika kura ya maoni. Norman Braman, tajiri wa biashara ya magari ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumiliki timu ya Philadelphia Eagles, alikwenda mahakamani kudai wananchi waulizwe. Mwaka 2008 alishindwa. Sheria ilikuwa upande wa serikali, na mimi naona kasoro ilikuwa kwenye sheria.

Sasa tufike kwenye lile fungu la milioni 91. Hatifungani ya kawaida humlipa mwekezaji riba kila baada ya miezi sita, kisha mtaji wake hurudi mwishoni. Kaunti haikuweza kuubeba mzigo wote kwa namna hiyo. Kodi za hoteli zilikuwa zimeshafungwa kwenye madeni ya zamani, na utalii ulikuwa umeshuka. Ikatumia aina nyingine, ambayo mkopaji halipi chochote kwa miaka mingi. Riba haisamehewi. Huongezwa juu ya mtaji, mwaka unaofuata riba hutozwa kwenye jumla hiyo mpya, na hivyo hivyo mpaka siku ya kulipa.

Chukua mfano wa riba ya asilimia 7.5. Mia moja iliyokopwa leo ni 206 baada ya miaka 10, ni 425 baada ya miaka 20, na ni karibu 875 baada ya miaka 30. Miaka kumi ya kwanza imeongeza mia moja na kidogo, ilhali miaka kumi ya tatu imeongeza 450. Kwa mwanasiasa anayekaa ofisini miaka minne au minane, mkopo huu hauna maumivu kabisa. Mzigo wake unamwangukia mtu ambaye huenda mwaka 2009 alikuwa bado shule ya chekechea. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa aliyekula harusi na anayekaa matanga si mtu mmoja.

Watetezi wa mpango walisema kodi za hoteli zitakua, na kwamba dola ya 2045 ni nyepesi kuliko ya 2009. Ni kweli. Lakini mafungu yote ya mkopo yakijumlishwa, marejesho yanafika takriban dola bilioni 2.4 kwa miaka 40, na hakuna makadirio ya utalii ya miaka 40 ambayo mtu makini angeweka nyumba yake rehani juu yake. Vimbunga, magonjwa ya mlipuko, mdororo wa uchumi: hatari yote ya kwamba wageni hawatakuja ilibebwa na kaunti. Timu haikubeba hata chembe.

Mapato yalikwenda upande wa pili. Tiketi, vyakula na vinywaji, matangazo na haki ya kuuza jina la uwanja vilikuwa vya timu. Jiji lilijenga maegesho, likaiuzia timu nafasi zake kwa bei iliyopangwa, na timu ikawauzia mashabiki kwa bei yake. Uwanja wenyewe ni mali ya umma, kwa hiyo haulipi kodi ya majengo. Umiliki huo ulikuwa na faida kwa aliyeachiwa mapato. Kwa mwenye hati ulikuwa na gharama za miaka 40.

Hapa lazima niigusie sheria ya kodi ya Marekani ya 1986, kwa sababu bila hiyo mtu atadhani madiwani wote ni wajinga au wala rushwa. Hatifungani za miji na kaunti zina unafuu: riba yake haitozwi kodi ya serikali kuu, kwa hiyo mkopaji hupata fedha kwa bei nafuu. Bunge lilitaka unafuu huo usiwafaidi wenye timu, likaweka kigezo kwamba hupotea iwapo biashara binafsi inatumia zaidi ya asilimia 10 ya jengo na wakati huohuo zaidi ya asilimia 10 ya deni inalipwa kwa fedha za biashara hiyo. Uwanja wa timu hutimiza sharti la kwanza siku zote. Njia iliyobaki ya kuutunza unafuu ikawa ni kuhakikisha timu hailipi zaidi ya sehemu ndogo ya deni. Sheria iliyotungwa kuwalinda walipakodi ikawa sababu ya kiufundi ya kuwabebesha asilimia 90. Watafiti wa taasisi ya Brookings walikadiria mwaka 2016 kwamba unafuu huo umeigharimu serikali kuu dola bilioni 3.2 kwa viwanja 36 vilivyojengwa au kukarabatiwa tangu mwaka 2000.

Wakati wa mazungumzo timu ilijieleza kuwa haina uwezo, na vitabu vyake vya hesabu havikuwekwa wazi. Agosti 2010 hesabu hizo zilivuja. Zilionyesha faida ya takriban dola milioni 49 kwa miaka ya 2008 na 2009 pekee, miaka ileile ambayo umma ulikuwa ukiombwa uiokoe. Machi 2011 wapigakura walimwondoa meya wa kaunti, Carlos Alvarez, kwa asilimia 88 ya kura. Hasira ilikuwa na sababu zaidi ya moja, ikiwemo kupandishwa kwa kodi ya majengo na mishahara ya maofisa, lakini uwanja ulikuwa kinywani mwa kila mtu. Kura hiyo ilimwondoa meya. Hatifungani ilibaki palepale, kwa sababu mwekezaji aliyeinunua ana mkataba, na mkataba haufutwi kwa kura.

Msimu wa kwanza uwanjani hapo, mwaka 2012, timu ilishinda michezo 69 na kupoteza 93. Novemba mwaka huohuo iliwapeleka Toronto nyota wake, akiwemo José Reyes aliyesajiliwa mahususi kwa ajili ya uwanja mpya. Kufikia 2018 watazamaji wa msimu mzima walikuwa takriban 811,000.

Mwaka 2017 Loria aliiuza timu kwa dola bilioni 1.2. Mkataba ulisema umma utapata asilimia 5 ya faida iwapo timu ingeuzwa ndani ya kipindi kilichotajwa. Wahasibu wa muuzaji wakatoa kwanza madeni, kodi, ada na thamani ya msingi iliyoruhusiwa kukua kila mwaka ndani ya mkataba, wakafika kwenye hasara ya dola milioni 141. Umma ukaambiwa haudai kitu. Kesi ikafunguliwa mwaka 2018, na mwaka 2021 ikamalizwa kwa dola milioni 4.2. Kifungu cha kugawana faida kilikuwepo, lakini hakikuwa na meno kwa sababu neno “faida” liliachwa lifafanuliwe na anayelipa.

San Francisco ilifanya vingine. Wapigakura wa eneo hilo waliukataa uwanja wa Giants, timu ya besiboli ya huko, mara nne kati ya 1987 na 1992. Timu ikatafuta mikopo ya benki na wadhamini, ikajenga kwa sehemu kubwa kwa fedha binafsi, na mwaka 2000 ikafungua moja ya viwanja vinavyopendwa zaidi nchini humo. Haikuhama.

Nairobi hakuna Loria. Talanta, wenye viti 60,000, ni wa serikali, unajengwa na kampuni ya China Road and Bridge kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zinaliandaa pamoja. Lakini fedha zimepatikana kwa njia inayofanana kimsingi na ya Miami. Hazina haikutoa hatifungani yake. Amana maalumu ya Linzi Finco ndiyo iliyouza hatifungani ya shilingi bilioni 44.79, ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025. Ni ya miaka 15, kwa faida ya asilimia 15.04 kwa mwekezaji, bila kodi. Marejesho yanategemea Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaopata fedha zake kutoka kodi za kamari na bahati nasibu.

Kwa hesabu yangu, kama malipo yangekuwa sawa kila mwaka kwa muda wote, yangefika takriban shilingi bilioni 7.7 kwa mwaka, jumla zaidi ya bilioni 110. Ni nafuu kuliko umbo la Miami: miaka ni michache, na riba hailundikwi kwa vizazi. Lakini kodi iliyochaguliwa inanitia wasiwasi kuliko kodi ya hoteli. Serikali ikiamua kesho kuwabana wachezeshaji kamari ili kuwanusuru vijana, na ina kila sababu ya kufanya hivyo, itakuwa inapunguza chanzo kilekile kinacholipa uwanja. Na fedha za mfuko huo zilikuwa na kazi nyingine: zawadi za wanariadha, sanaa, huduma za jamii. Hao sasa wana mshindani mwenye mkataba uliosainiwa, na wao hawana.

Nataka Talanta ikamilike, na nataka ijae. Ndiyo maana naomba kamati ya Bunge inayosimamia mfuko huo iweke mezani mambo matatu, yasomwe na kila Mkenya: ratiba ya marejesho mwaka kwa mwaka, nani atalipa kodi za kamari zikipungua, na uwanja utaingiza kiasi gani Kombe likishaondoka. Miami karatasi hizo zilisomwa vizuri baada ya saini. Kenya miaka 15 ya malipo bado iko mbele, na kuziomba sasa hakuzuii tofali hata moja.