Betri ya Magnesiamu: Namna Kizuizi cha Kwanza Kilivyovukwa

Mwaka 2000, Doron Aurbach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israel, walitangaza betri ya magnesiamu iliyochajiwa na kutumika zaidi ya mara 2,000, na hadi leo tafiti za betri hizo hulinganishwa na kazi yao. Kivutio kikubwa cha magnesiamu ni kwamba ayoni yake, yaani atomu iliyopoteza elektroni, hubeba chaji chanya mbili ambapo ya lithiamu hubeba moja. Kwa hiyo sentimita moja ya ujazo ya metali hiyo huweza kuhifadhi takriban miliampea-saa 3,800, na ya lithiamu takriban 2,060.

Ugumu ulianzia kwenye anodi, upande unaotoa ayoni betri inapotumika. Katika viyeyushi vya kawaida vya betri za lithiamu, uso wa metali huota utando. Ule wa lithiamu hupitisha ayoni, lakini wa magnesiamu huziba njia kabisa. Watafiti hao walitumia elektroliti, yaani kimiminika cha kusafirishia ayoni, yenye magnesiamu, aluminiamu na klorini ndani ya etha, ambamo utando huo haujengeki.

Kathodi, upande unaopokea ayoni hizo, ilihitaji ustadi zaidi, kwa kuwa chaji zile mbili zinazosifiwa huifanya ayoni ing'ang'anie atomu zinazoizunguka na isisogee. Jibu lilikuwa salfaidi ya molibdenamu ya jamii iitwayo Chevrel, ambamo atomu 6 za molibdenamu hukaa ndani ya mchemraba wa atomu 8 za salfa na kuchangia elektroni, hata ujio wa ayoni ukabebwa na kundi zima bila kuilemea atomu moja. Huo ni uteuzi wa kupendeza mno.

Hata hivyo, betri hiyo ilitoa volti 1.1 hadi 1.3 tu, wakati ya lithiamu hutoa zaidi ya 3. Elektroliti yake ilianza kuharibika ilipovuka takriban volti 2.2, na klorini hula chuma. Mwaka 2015, Rana Mohtadi na wenzake wa kituo cha utafiti cha Toyota, Marekani, walionesha chumvi ya boroni ya kutengenezea elektroliti, isiyo na klorini, inayostahimili zaidi ya volti 3. Tangu hapo mzigo mkubwa umehamia kwenye kathodi, kwa maana oksaidi zenye uwezo wa kutoa volti nyingi ndizo hasa zinazoinasa ayoni ya magnesiamu, na katika joto la kawaida mwendo wake humo ni wa kusuasua.