Mkono Uliofundishwa na Udongo

Ukitaka kujua ufundi wa kuendesha pikipiki za mashindano uliwahi kufika wapi, weka kando kwanza hesabu ya vikombe. Itazame kona ya tatu ya uwanja wa Phillip Island, kisiwa cha jimbo la Victoria, kusini mwa Australia. Kona hiyo inakunja kushoto, upepo wa baharini unaipiga bila kizuizi, na pikipiki huingia hapo zikiwa na kasi inayozidi kilomita 250 kwa saa. Wengi hupunguza mafuta kidogo, wakajikabidhi kwa Mungu, wakapita. Casey Stoner, dereva wa Australia, alikuja hapo kufanya kazi.

Zile video zake za zamani zafaa kutazamwa polepole. Pikipiki imelala upande wa kushoto, goti linakwaruza lami, kichwa kimetulia. Kisha gurudumu la nyuma linaanza kuserereka kwenda nje. Linaacha mstari mweusi wa mpira barabarani, na gurudumu la mbele linageukia kulia kidogo kusawazisha. Sasa magurudumu mawili ya chombo kimoja yanapita njia mbili tofauti. Kiumbe mwenye akili timamu hapo angeshtuka akafunga mafuta, na hilo ndilo kosa lenyewe: tairi lingeshika lami ghafla na chombo kingemrusha hewani. Stoner hafungi. Mkono wake wa kulia unabaki na mafuta, unaongeza kiasi cha upana wa ukucha, unarudisha, unaongeza tena. Mguu wa kulia, ambao katika kona ya kushoto uko upande wa juu na una nafasi ya kufanya kazi, unagusa breki ya nyuma kana kwamba unaonja chumvi. Kwa njia hiyo anaielekeza pikipiki kwa nyuma yake, wala hailazimishi tairi la mbele kubeba mzigo wote wa kukunja. Kona inakwisha, chombo kinasimama wima, naye tayari anawaza kona inayofuata.

Kazi hii haina maelezo mengi. Aliyewahi kuipeleka pikipiki kwenye tope la masika anajua angalau harufu yake: nyuma inacheza, mbele inatafuta njia, na ukishtuka tu umekwisha. Elimu ya namna hiyo hukaa mkononi na kiunoni. Kichwa hupewa taarifa baadaye.

Mkono ule haukuja hivihivi. Stoner alizaliwa Oktoba 1985 huko Queensland, akakulia Kurri Kurri, mji mdogo wa New South Wales. Alishindana kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne, kwenye njia ya udongo, ambako pikipiki huzunguka duara refu na gurudumu la nyuma huserereka karibu muda wote. Alipokuwa na miaka 12 alishiriki mashindano ya taifa katika madaraja matano, akakimbia mara 35 ndani ya siku chache, akashinda mara 32. Mtoto wa namna hiyo haogopi kuserereka. Kwake kuserereka ndiko kwenda.

Wala hakuwa wa kwanza kuutoa ujuzi huo kwenye vumbi na kuupeleka kwenye lami. Mwaka 1978 Kenny Roberts alitoka California akaingia Ulaya na mtindo huo, akatwaa ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, na Wamarekani wenzake wakamfuata. Australia nayo ikamtoa Wayne Gardner, kisha Mick Doohan. Ukoo wa mafundi ulikuwapo. Stoner alikuwa mjukuu wake.

Sheria za kwao zilimtaka afikishe miaka 16 ndipo akimbie kwenye lami. Wazazi wake waliuza walichokuwa nacho, wakamchukua kijana wa miaka 14 hadi Uingereza, wakaishi katika nyumba ya magurudumu. Wenye kudhani kwamba bingwa hutokana na kipaji peke yake wamkumbuke mzazi aliyeuza alichokuwa nacho. Kipaji ni cha mtoto. Gharama ni ya wengine.

Mwaka 2006 alipofika daraja la juu la mashindano ya dunia alianguka mara nyingi mno, na mashabiki wakamtungia jina la kejeli. Mwaka uliofuata Ducati ya Italia ilimpa pikipiki yake mpya. Alishinda mbio 10, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 21, na kuipa Ducati taji lake la kwanza la dereva katika daraja hilo. Watu wakasema ni mashine. Ni injini, ni matairi, ni bahati. Kila kitu kilisifiwa isipokuwa mkono.

Jibu lilikuja polepole, tena halikutoka kinywani mwake. Marco Melandri, dereva mzuri mwenye ushindi wake, alipewa Ducati hiyohiyo mwaka 2008, akahangaika msimu mzima. Mwaka 2011 Stoner alihamia Honda, na nafasi yake Ducati ikachukuliwa na Valentino Rossi, bingwa mara tisa wa dunia. Rossi alikaa misimu miwili bila kushinda hata mbio moja. Stoner alikuwa ameshinda mbio 23 juu ya pikipiki za kiwanda hicho. Baada ya ushindi wake wa mwisho nao mwaka 2010, Ducati ilisubiri hadi Agosti 2016 ndipo ikashinda tena, na taji la pili la dereva likaja mwaka 2022. Nani tena angeitaja mashine?

Huko Honda nako Stoner alishinda mara 10 katika msimu wake wa kwanza. Alitawazwa bingwa Phillip Island tarehe 16 Oktoba 2011, siku aliyotimiza miaka 26. Wiki moja baadaye, huko Sepang, Malaysia, dereva mwenzake Marco Simoncelli alianguka na kufa. Michezo mingine huomboleza wazee wake. Huu huomboleza vijana, kisha wiki chache baadaye injini zinawashwa tena.

Tarehe 17 Mei 2012, Le Mans, Ufaransa, Stoner alikaa mbele ya waandishi wa habari akatangaza kwamba ule ndio msimu wake wa mwisho. Alikuwa bingwa mtetezi. Binti yake wa kwanza alikuwa na miezi mitatu. Hakuwa amevunjika, hakuwa amefukuzwa, wala hakuwa na deni. Alieleza kwamba hana tena mapenzi na kazi ile jinsi ilivyokuwa inakwenda, na kwamba mchezo wenyewe ulikuwa umebadilika ukawa kitu asichokipenda. Wengi hawakuelewa. Tumezoea kuona bingwa akisukumwa nje na umri, jeraha au kijana mwenye njaa. Anayesimama mwenyewe kileleni, akashuka kwa miguu yake, tunamshuku.

Nami naona alikuwa akitetea jambo ambalo mchezo mzima ulikuwa umeanza kulisahau. Siku zake kompyuta zilikuwa zimekwisha kuingia. Vihisi vilipima mwinamo wa pikipiki na mwendo wa kila gurudumu, na la nyuma lilipoanza kuzunguka kupita kiasi, kompyuta ilipunguza nguvu za injini kabla dereva hajajua. Stoner alijulikana kwa kutaka mfumo huo umwingilie kidogo iwezekanavyo. Alikuwa na mkono. Wa kompyuta wa nini? Lakini kanuni hazikuandikwa kwa ajili ya wenye mikono. Kompyuta inamwokoa asiyejua, na kwa pigo hilohilo inamfuta anayejua. Aliyelelewa na udongo tangu utotoni na aliyekuja juzi wanatoka konani wakifanana, na sisi watazamaji tunaambiwa hayo ni maendeleo kwa sababu mbio zimekuwa za karibu.

Agosti mwaka huo alianguka Indianapolis, akaharibu kifundo cha mguu, akapanda hivyohivyo kesho yake na kumaliza wa nne. Baadaye akafanyiwa upasuaji, akakosa mbio tatu. Mwishoni mwa Oktoba alirudi Phillip Island kuwaaga watu wake, na wenye uwanja walikuwa wameipa kona ya tatu jina lake. Mcheza kwao hutunzwa. Kwa mguu usiopona sawasawa alishinda, mara ya sita mfululizo katika uwanja ule. Wiki mbili baadaye, Valencia, alimaliza wa tatu, akavua kofia, akaenda nyumbani. Alikuwa amefikisha ushindi 38 katika daraja la juu, na umri wa miaka 27.

Maisha ya baadaye ya mafundi wa namna hii hatuyasimulii vizuri. Tunapenda shangwe za kuaga, kisha tunafunga ukurasa. Stoner alijaribu magari mwaka 2013, katika daraja la pili la mbio za Australia, akaacha baada ya msimu mmoja. Alirudi kuvua samaki, jambo alilolipenda siku zote, na kulea. Mara kwa mara Honda, na baadaye Ducati, walimwita kujaribu pikipiki mpya, naye alipanda akaonyesha kwamba mkono haujasahau.

Mwaka 2015 Honda walimpeleka Suzuka, Japani, kwenye mbio za saa nane. Katikati ya kazi pikipiki ilikataa kupunguza mwendo, naye akaanguka, akavunjika bega na mguu. Honda wenyewe walitangaza baada ya uchunguzi kwamba mafuta yalikwama yakiwa wazi. Hilo linaniuma kuliko maanguko yake yote. Mtu ambaye maisha yake yote mkono wa mafuta ulikuwa kalamu yake aliurudisha mkono ule, na mashine haikutii.

Kisha likaja la ndani ya mwili. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba amegundulika kuwa na ugonjwa wa uchovu sugu, na kuna siku ambazo kuinuka kwenye kochi ni kazi. Ameeleza pia jinsi wasiwasi ulivyomtesa enzi za mashindano. Asubuhi za Jumapili, wakati maelfu wakimsubiri, yeye alitamani asitoke. Mwaka 2009, alipokosa mbio tatu kwa ugonjwa ambao madaktari hawakuuelewa mara moja, wapo waliomwita mdhaifu. Sijasikia kwamba kuna aliyerudi kumwomba radhi.

Mwenzake na hasimu wake, Rossi, alichagua njia nyingine. Alikimbia hadi Novemba 2021, akiwa na miaka 42, miaka mingi baada ya taji lake la mwisho. Simlaumu, mtu haachi anachokipenda kwa sababu amepitwa. Tena Rossi alifanya jambo ambalo historia itampa heshima yake. Karibu na kijiji chake cha Tavullia, Italia, alitengeneza uwanja wa udongo, akawakusanya vijana wa nchi yake wajifunze kuserereka. Mmoja wao, Francesco Bagnaia, ndiye aliyeipa Ducati lile taji la mwaka 2022 lililosubiriwa miaka 15. Ona basi: hata katika zama za kompyuta, taji lilipita kwanza mavumbini.

Na bado tunajifanya hatuoni. Baada ya Stoner pikipiki ziliota mabawa ya kuzikandamiza chini, zikawekewa vifaa vya kushusha mgongo wakati wa kutoka konani, na tangu 2023 shinikizo la upepo wa tairi lina kiwango chake, ukikikosa unaadhibiwa. Kalenda imejaa, na Jumamosi nayo imepewa mbio zake fupi. Dereva wa leo ni hodari, simvunjii heshima. Ila muda wake mwingi anautumia kuhudumia mashine iliyokwisha kufikiri kwa niaba yake. Akimfuata mwenzake kwa karibu, tairi la mbele linachemka naye analazimika kurudi nyuma. Stoner amelisema hili mara nyingi, na mara nyingi amejibiwa kwamba ni mzee mwenye chuki, mtu aliyezaliwa 1985.

Mwaka 2024 wenye mchezo walitangaza kanuni za 2027. Vifaa vya kushusha pikipiki vitapigwa marufuku, mabawa yatapunguzwa, injini zitakuwa ndogo zaidi. Hawakumtaja yule aliyetangaza kuondoka pale Le Mans. Wangalipaswa kumtaja, kwa kuwa sehemu ya malalamiko yake sasa imekuwa sheria. Lakini kompyuta inayolinda gurudumu la nyuma imebaki, na palipo na kompyuta hiyo mkono wa fundi hautalipwa thamani yake kamili.

Australia imetoa mabingwa watatu wa daraja la juu: Gardner mwaka 1987, Doohan kuanzia 1994 hadi 1998, na Stoner mwaka 2007 na 2011. Hadi msimu wa 2025 wa nne hajapatikana. Mafundi hawaishi kwa kupewa kona yenye majina yao. Wapeni viwanja vya udongo na watoto wa kufundisha, wangali na nguvu ya kuinuka.