Sifa ya Dago

Ukitaka kumjua nahodha wa dago, usingoje afike baharini. Mtazame anavyopakia. Saa chache kabla ya chombo kuelea, vitu vyote huwa vimemwagwa mchangani: gunia la mchele, nazi, vitunguu, chumvi ya mawe, madumu ya maji, sufuria, upawa, mbuzi ya kukunia, panga, mikeka, chandarua, sindano ya tanga na uzi wake, na kibiriti ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha kubana. Nahodha hupita katikati ya vitu hivyo kimya, akiondoa. Sufuria ya tatu inarudi nyumbani. Godoro la kijana mgeni nalo linarudi, likisindikizwa na maneno mawili matatu ya kumfanya asirudie tena. Dumu la maji halirudi hata moja, maana visiwa vingi vya kupigia dago havina kisima. Mtu anaweza kula wali bila mchuzi, ila wali wenyewe haupikiki kwa maji ya bahari.

Kwa msomaji wa bara niseme tu kwamba dago ni kambi ya muda ya wavuvi, kwenye kisiwa kisichokaliwa au kwenye pwani ya watu wengine, mbali na nyumbani kiasi kwamba kurudi kila jioni hakuna maana. Waliobobea ni watu wa Kojani, kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba. Utawakuta Tanga, Pangani, Mafia, na ng'ambo ya mpaka huko Vanga na Shimoni, hata Malindi. Wanaokwenda Kenya huondoka kusi inapochoka, wakavua msimu wa kaskazi bahari ikiwa tulivu, na mkia wa kaskazi hiyohiyo ukawarudisha kwao kabla kusi haijakamata nguvu. Upepo ulikuwa nauli yao ya kwenda na kurudi muda mrefu kabla ya injini za kupachika kuingia.

Siku hizi Arusha na Nairobi kuna vijana wanaopenda kulala porini kwa raha zao. Wana mahema mepesi, majiko ya gesi yanayoenea mfukoni, mabegi ya kulalia ya kuhimili baridi ya mlimani, na wanaweza kubishana usiku kucha juu ya hema lipi linavuja. Sina ugomvi nao. Hema zuri ni hema zuri. Ila nikiwasikiliza huwa nakumbuka kwamba mvuvi wa dago hanunui hema. Amelileta likiwa limemvuta mpaka hapo alipo. Tanga la marudufu likishushwa halikunjwi likawekwa pembeni. Foromali inalazwa juu ya panda mbili zilizochimbiwa mchangani, tanga linatandazwa juu yake, pembe zinafungwa kwenye mawe, upande wa upepo unashushwa mpaka chini na ule mwingine unainuliwa ili moshi wa jikoni upate njia. Asubuhi paa linapandishwa mlingotini na watu wanaondoka nalo. Turubai limerahisisha mambo, nakubali, na wengi sasa wanalo. Ila kila kitu kiliingia chomboni kwa sharti la kufanya kazi mbili, na turubai linafanya moja tu.

Kuna adabu pia, ambazo mtu hazioni kwenye orodha ya vifaa. Anayepiga dago kwenye pwani ya wenyewe hushuka kwanza kuonana na wazee wa pale, na katika baadhi ya vijiji vya kusini mwa Kenya kuna kitu kidogo kinachotolewa kiitwacho ubani, ndipo ruhusa ipatikane. Isidhaniwe kwamba wageni hawa wanapendwa kila mahali. Wenyeji wanawalaumu kwa nyavu zinazokokota kila kitu, na lawama nyingine ni za haki kabisa: juya likipita juu ya matumbawe haliulizi lipi ni hai. Sifa ninayoitoa hapa siwapi wote. Nawapa wale wanaojua kuishi juu ya mchanga wa mtu bila kuumaliza.

Chukua kuni. Kisiwa cha dago kina miti michache, na mti ulio karibu na jiko ndio unaotamanisha. Nahodha mwenye akili huwakataza vijana kukata mti uliosimama. Kuni ni zile zilizotupwa na maji, makuti makavu, mbao za chombo kilichovunjika. Anayeona huo ni uchoyo wa mzee akaitazame Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga humo kwa wingi. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Miti ilipokwisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kisiwa hakikuwepo tena. Leo ni fungu linalozama bamvua ikijaa. Kasa bado wanapanda hapo, kwa kuwa hawajui, na watu wa pwani ya Ushongo huyafuata mayai na kuyahamishia bara yasizame.

Lakini ninayemwonea wivu hasa ni mvuvi wa mshipi. Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye kopo: mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kibao, ndoana, chubwi la risasi, kisu, vipande vya ngisi kwa chambo. Kidole cha shahada amekivisha kipande cha mpira wa baiskeli kisichanike. Hushusha mshipi mpaka chubwi ligonge chini, kisha huupandisha kama pima moja, akanyamaza. Kuanzia hapo anaona kwa kidole. Changu hudonoa haraka haraka, akaacha, akarudi. Chewa hadonoi. Huumeza chambo na kugeuka aingie shimoni kwake. Mshipi unakuwa mzito ghafla, nawe una muda wa pumzi moja tu. Ukimvuta papo hapo utamtoa. Ukichelewa atatanua mashavu mle pangoni akajikaza, na mwisho utaukata mshipi kwa mkono wako mwenyewe.

Mtoto anafundishwa hivi:

"Ami, amekula?"

"Hajala. Anaonja."

"Nivute?"

"Ukivuta sasa utavuta chambo. Ngoja, mwanangu."

Na ngoja hiyo ndiyo somo lote. Haielezeki zaidi ya hapo. Mtoto atapoteza chambo siku nzima, na iko siku kidole kitaelewa kabla ya kichwa.

Kidole hichohicho kinasoma na sakafu ya bahari. Chubwi likianguka mchangani linatua laini. Likianguka kwenye mwamba linagonga na kuteleza, na hapo penye mashimo ndipo penye samaki. Likianguka kwenye kifusi linakwaruza. Wavuvi wazee wa Misali, karibu na Pemba, na wa Mafia wana sababu ya kuijua hiyo mikwaruzo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakapauka, na pande hizo mbili ni miongoni mwa zilizopigwa vibaya. Tumbawe hai lina vijimea ndani yake vinavyolilisha. Joto likizidi lile la mwezi wa joto kuliko yote kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi, likakaa hivyo wiki kadhaa, vijimea vinatoka na tumbawe linabaki jeupe. Likipata nafuu mapema linapona. Lisipopata linakufa, lakini haliporomoki siku hiyo. Mifupa yake inasimama miaka kadhaa, samaki wakiendelea kujificha humo, na mvuvi anaweza kudhani balaa limepita. Baadaye mawimbi yanaivunja, mashimo ya chewa yanafukiwa, na chubwi linaanza kukwaruza mahali palipokuwa panagonga. Joto hilo lilirudi 2016, likarudi tena 2024.

Lipo la kutia moyo. Mwaka 2020 Tim McClanahan, mtafiti aliyeyachunguza matumbawe ya Kenya kwa miaka mingi, alichapisha maelezo kwamba ukanda wa Shimoni na pwani ya kaskazini ya Tanzania pamoja na Pemba unapozwa na maji ya vina virefu, na matumbawe yake yana nafuu kuliko ya jirani. Manahodha hawakuhitaji kuambiwa kwamba mkondo wa Pemba ni wa kina na kwamba maji yake ni ya namna yake. Waliohitaji kuambiwa ni wale wanaopanga bandari na viwanda juu ya ramani, na natumaini wameambiwa.

Kuupata mwamba wenyewe ni elimu nyingine. Bahari haina vibao. Nahodha huoanisha mnara wa msikiti na mnazi ulioinama nyuma yake, kisha akageuka na kuoanisha ncha ya kisiwa na mvinje mrefu. Pale mistari miwili inapokutana ndipo nanga inaposhuka. Alama hizo alipewa na baba yake, kwa siri, na huwa hazitajwi mbele ya chombo kingine. Sasa ufuo unaliwa na maji, mvinje unaanguka, na mwamba unapotea ilhali uko palepale. Kijana atasema simu yake inaonyesha mahali kwa setilaiti. Ni kweli, na ni chombo kizuri mno, mpaka chaji inapokwisha siku ya tatu na kipande cha sola kiko chini ya gunia la mchele.

Usiku wa dago nao una kazi yake. Samaki wasioliwa hupasuliwa mgongoni, wakafunguliwa kama kitabu, wakaoshwa kwa maji ya bahari, wakapigwa mikato na kusuguliwa chumvi, kesho yake juani juu ya chanja. Hugeuzwa, na kuingizwa kabla ya umande. Hiyo ndiyo ng'onda, na kwa maoni yangu hakuna kilichotoka baharini kinachofaa zaidi kwa mchuzi wa nazi na muhogo. Barafu imeisukuma pembeni. Hoteli zinataka samaki mbichi, na bei yake ni nzuri. Siwezi kumlaumu mtu mwenye watoto wa kusomesha. Ila zamani aliyeamua siku ya kurudi alikuwa mwezi: bamvua ikipita, mkondo ukatulia, nahodha akapima kilichopo na kinachokuja. Sasa anayeamua ni sanduku la barafu. Likianza kuyeyuka, mnarudi, hata kama samaki ndiyo kwanza wamefika. Wanaobaki na chumvi wanalalamikia mvua: inanyesha siku za jua, na ng'onda iliyonyeshewa inaoza na nzi wake.

Malalamiko ya upepo na mvua ni mengi, na yanakuja na masikitiko kwamba hesabu za wazee zimekufa. Hapo mimi husita. Wazee walihesabu miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa Makunduchi kila Julai, na kwa miongo hiyo walijua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri. Lakini hesabu hiyo ni ya siku 365 kavu, bila siku ya nyongeza, kwa hiyo huteleza siku moja kila miaka minne. Haikuwa saa ya ukutani hata zamani. Waliokuwa wakiitumia waliifuata kwa jicho moja, jicho la pili likiwa kwenye mawingu, kwenye rangi ya maji, kwenye ndege wanaorudi mapema kuliko desturi. Anayesema elimu ya wazee imeshindwa kwa sababu kaskazi imechelewa, pengine aliishika nusu yake tu, ile ya kuhesabu.

Wenye nusu zote mbili hawaioni redio kuwa mshindani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Kimbunga si desturi ya pwani yetu. Kile cha Aprili 1872 kilichoangusha minazi na mikarafuu ya Unguja kilisimuliwa kwa vizazi kwa kuwa hakikuwa na mwenzake. Kingine kikaja Lindi mwaka 1952. Hakuna mwongo uliohifadhi alama za kitu kinachokuja mara moja katika umri wa mtu, na nahodha anayekataa kusikiliza tahadhari ya namna hiyo kwa sababu babu yake hakuwa na redio anamsingizia babu yake.

Siku ya tahadhari nahodha hutoka nje ya tanga alfajiri, akatazama kusini kwa muda, akamwambia kijana asome tena alichotumiwa kwenye simu, polepole. Kisha huamuru chombo kivutwe juu zaidi. Vijana hunung'unika: barafu inayeyuka, nani atalipa? Mwenye sanduku hupiga hesabu kwa sauti ili kila mtu aisikie. Nahodha huagiza mchele upimwe upya, kibaba pungufu kwa kila chungu, na mkubwa wao atumwe kuziba tundu kwenye ngama ambalo lilikuwa lizibwe juzi. Kufikia adhuhuri ubishi huwa umehama kutoka kwenye barafu na kuingia kwenye suala la nani aliyesahau pilipili nyumbani, na hilo haliishi mpaka wanaondoka.